Beberu wa Shangazi Conjesta

Sharti lilikuwa moja tu, na Shangazi Conjesta alilitoa bila hata kuacha kumenya viazi: beberu mweusi, mweusi tii, asiye na doa jeupe popote kuanzia pembe hadi kwato. Mambo mengine ya mahari, alisema, yatazungumzwa na wanaume, maana wanaume wanapenda kuzungumza. Lakini beberu ni wa shangazi wa binti, na bila beberu huyo hapana mgeni atakayekaa nyumbani kwa kaka yake akalitaja jina la Juliana. Walipomuuliza kwa nini lazima awe mweusi, alijibu kwamba yeye mwenyewe alitolewa beberu mweusi, shangazi yake akamla, na hakuna aliyemsumbua shangazi yule kwa maswali.

Aliyepewa sharti hilo aliitwa Romanus, kijana wa pale Makambako, msimamizi wa vibarua wanaopakia mbao kwenye malori. Kijana kwa kusema tu. Thelathini alikwisha ivuka. Mungu alimpa kifua kipana na mikono ya kazi, akasahau kumpa neno hapana. Dereva akimwambia aongeze mbao, anaongeza. Mwenye mali akimwambia apunguze, anapunguza. Siku lori lilipomkanyagia baiskeli, alimwomba dereva radhi kwa kuiegesha pale. Watu wa namna hii husifiwa sana siku ya kuzikwa, ila wakiwa hai wanapata taabu.

Romanus alimpata Juliana msibani. Kwaya ya Kanisa la Mtakatifu Sesilia ilitoka Njombe kuja Makambako kumzika mfanyabiashara mmoja, na Juliana akaimba ubeti mzima peke yake. Romanus, ambaye hakumjua marehemu na alikuwa ameleta mabenchi tu, alilia mpaka wafiwa wakaja kumpa pole. Juliana ndiye aliyempa leso. Baada ya leso akampa na namba ya simu, kwa kuwa alikwisha ona kwamba kumngoja mtu huyu aombe mwenyewe ingekuwa kazi ya miaka.

Kumpata beberu kulikuwa kugumu kuliko kumpata Juliana. Romanus alizunguka minada yote ya karibu, na kila beberu mweusi aliyemgeuza alikuwa na soksi nyeupe mguuni au nyota kwenye paji la uso. Mwishowe mjomba wake Benno, mkulima wa maharage kule Mlangali, akapiga simu kusema anaye, tena mweusi kama chungu cha bibi, na kwamba atamleta mwenyewe kwa vile mshenga ni yeye. Beberu wa pili hakuwapo. Na muda ulikuwa umebana, kwa sababu Jumapili ile ndiyo waliyopangiwa, na Jumapili iliyofuata alikwisha pangiwa bwana mwingine, mwenye shamba la parachichi, ambaye ilisemekana anao mabeberu weusi wawili na bado anawalinganisha ajue yupi mweusi zaidi. Romanus aliposikia habari hiyo alikosa usingizi. Alimpenda Juliana kwa moyo wote, na moyo wote huo sasa ulikuwa umefungwa kwenye kamba ya mbuzi.

Baba yake Juliana, Mzee Ambrose, alikuwa mwalimu wa kwaya wa kanisa lile. Aliwapelekea ujumbe kwamba waje kwanza kusali, kisha wataongozana kwenda nyumbani kwake Yakobi. Hawezi kumpa binti mtu ambaye hajaisikia kwaya ikiimba ndani ya kanisa lake, alisema, na hilo lilikuwa haki yake.

Kusema kweli kanisa hilo linastahili kutembelewa hata na asiyetafuta mke. Liko juu kwenye mgongo wa mji, la matofali ya kuchoma, lililojengwa na wamisionari wakati babu wa babu zetu wakiwa vibarua wa kubeba udongo. Kuta zake ni nene, madirisha yake membamba, na ndani kuna ubaridi wa kuhifadhia nyama. Watu hutoka Iringa na Songea kuja kulisikia, ndiyo, kulisikia, maana sauti zikipanda kwenye ile dari ya mbao hazishuki upesi. Lina sifa mbili, kuimba na kutoa. Linalea yatima na wazee wasio na mtu, na nyuma yake kila Jumapili hupikwa sufuria kubwa kwa yeyote mwenye njaa, haulizwi dini wala kabila. Na sifa hizo mbili zilikwisha fungana kiasi kwamba pale hakuna anayetoa bila kuimbiwa. Mzee Ambrose, kwa upande wake, hajawahi kumwimbia mtu ubeti mmoja tu akaishia hapo. Wimbo ukiwa na beti nne, zitaimbwa zote nne, mvua inyeshe, jua liwake.

Mjomba na mpwa walikutana stendi ya Njombe asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Ilikuwa mwezi wa saba, na nyasi zilikuwa na barafu. Romanus alivaa koti jipya la sufu alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Mjomba Benno alikuwa amesafiri na beberu juu ya lori la maharage, na njia nzima walikuwa wamekumbatiana kwa ajili ya baridi, hata ikawa vigumu kujua harufu ipi ni ya nani.

Walikubaliana kwamba mjomba abaki nje na beberu mpaka misa iishe. Ni mpango mzuri, ungefaa kwa kanisa lolote lingine. Lakini kwaya ilipoanza, Mjomba Benno aliyesimama chini ya mti wa uani akahisi miguu yake inaelekea mlangoni bila kumshauri. Hapo akatokea mama mmoja wa mapokezi, amevaa sare ya kitenge, uso umejaa tabasamu.

"Kamwene, baba. Karibu sana. Tukupokee?"

Mjomba alimtazama, akaitazama na kamba. Hakuwahi kusali kanisa la mjini. Akajiambia kwamba kanisa kubwa namna hii lazima liwe na mahali pa kutunzia mizigo ya wageni, kama stendi. Akaikabidhi kamba kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akashukuru. Yule mama akamwombea Mungu amzidishie. Mjomba aliona dua ile ni kubwa mno kwa kazi ya kumtunzia mtu mbuzi, lakini watu wa mjini wana maneno mengi.

Akaingia, akajibana kando ya Romanus, akamnong'oneza kwamba beberu yuko mikono salama. Romanus akashusha pumzi. Juliana alikuwa kule mbele kwenye safu ya sauti ya pili, na alipomwona aliinua daftari la nyimbo akajificha nusu uso. Romanus hakutaka kitu kingine duniani.

Ikafika saa ya matoleo. Jumapili ile, jambo ambalo wageni wetu hawakulijua, ilikuwa Jumapili ya mavuno. Vikaletwa vikapu vya mahindi, madebe ya viazi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, boga moja kubwa lililobebwa na wanaume wawili, vyote vikicheza kuelekea altareni kwa mwendo wa kwaya. Na nyuma ya boga, akiwa na utepe mwekundu shingoni na akina mama wakimpigia vigelegele kushoto na kulia, akaja beberu mweusi tii.

"Tazama wanavyomtunza," alinong'ona Mjomba Benno, machozi yakimlenga.

Padri alichovya kitawi ndani ya ndoo ya maji ya baraka akayarusha, na beberu alipopata yake akalia, mee, sauti ndefu na nzito, ambayo iliangukia sawasawa kwenye noti waliyokuwa wakiishikilia watu wa besi. Mzee Ambrose aligeuka akamtazama beberu kwa heshima.

Bado mtu angeweza kuliweka jambo sawa. Yalipofika matangazo, wageni waliombwa kusimama na kujitambulisha, kama ilivyo desturi, na hapo ndipo Romanus alipaswa kusema kwamba samahani, kuna kosa dogo limetokea. Alisimama. Kanisa zima likamgeukia. Akalitaja jina lake, akasema anatoka Makambako, akasema Tumsifu Yesu Kristo, akakaa. Mjomba Benno, ambaye haogopi watu, akasimama akasema yeye anatoka Mlangali, wamekuja kwa jambo jema, salamu za kigango chake ni nyingi sana, na kwamba yule beberu mweusi ni wao.

Kanisa lilipiga makofi mpaka njiwa wakatoka kwenye mnara. Kwaya ikasimama ikawaimbia wimbo wa shukrani, beti nne.

Baada ya misa kukawa na mnada uani. Aliyenadi ni katekista Lenard, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Romanus alipouona mnada alipata nafuu. Alikuwa na akiba ya maandalizi mfukoni. Basi atamnunua beberu wake mwenyewe, fedha zitakwenda kwa yatima, hakuna atakayeumia, na wataondoka. Ni kweli pia kwamba hakuwa ameuelewa mnada wa pale.

Lilianza boga. Likanunuliwa na mwalimu mmoja kwa mbwembwe, kwaya ikamwimbia, boga likarudi mezani. Likanunuliwa na muuza duka. Kwaya ikaimba, boga likarudi. Ajuza aliyesimama karibu na Romanus, amejifunga mashuka mawili kwa baridi, aliona jinsi alivyokunja uso akamfafanulia. Hapa, alisema, mtu ananunua na kurudisha, ili kinunuliwe tena na tena, na mwisho wa siku kila kitu kinakwenda kwa watoto pamoja na hela zake. Hakuna anayechukua. Yupo mmoja aliyewahi kuchukua, zamani, mwanamume wa kuhamia, alinunua kabichi akaondoka nayo kwapani. Mpaka leo anaitwa Mzee Kabichi. Watoto wake ni akina Kabichi. Mjukuu wake amesoma hadi chuo kikuu, kijana mzuri, anaitwa Injinia Kabichi.

Romanus aliangalia upande wa kwaya akamwona Juliana anamtazama yeye, kisha anamtazama beberu, na uso wake umebadilika. Alikuwa amekwisha elewa.

Beberu akapandishwa mezani. Romanus alitaja bei yake kwa sauti ya kukwama, watu wawili wakapanda juu yake, akawapita, Lenard akagonga meza. Beberu alikuwa wake. Romanus akanyoosha mkono apewe kamba.

Kosa lake ni kuunyoosha ule mkono. Lenard aliudaka, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda, akatangaza kwamba mgeni wetu amenunua na amerudisha. Vigelegele vikapanda. Mzee Ambrose alikwisha inua mikono, na Romanus akasimama pale akiimbiwa, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe. Mjomba Benno alipunga kofia kwa watu.

"Mjomba," Romanus alimwambia alipopata nafasi, "tumempoteza beberu."

Mjomba alimtuliza. Beberu si yule pale? Na hata hivyo mtu huwezi kukosea adabu katika kanisa la watu.

Sasa beberu alikuwa na sifa. Dereva mmoja wa lori la kwenda Zambia, aliyepita kusali tu, akamnunua akamrudisha kwa ajili ya usalama wa safari. Wanandoa waliokaa muda mrefu bila mtoto wakamnunua wakamrudisha. Kila alivyorudi alizidi kuwa mtakatifu na alizidi kuwa ghali, na beberu mwenyewe alianza kujua, akawa anasimama kichwa juu kila Lenard anapomtaja. Kwenye ubeti wa tatu wa kila wimbo alilia pamoja na besi. Mzee Ambrose alimwambia msaidizi wake kwamba katika miaka yote ya kufundisha hajapata mwanamume wa besi mwenye kuingia kwa wakati namna ile.

Romanus akajitosa tena. Safari hii alilipa kwa simu, akamaliza kilichokuwamo, na kabla Lenard hajafumbua mdomo akaishika kamba mwenyewe akaanza kumvuta beberu kuelekea lango. Hakunyoosha mkono kwa mtu. Alitembea haraka, macho chini. Nyuma yake akasikia ngoma. Watu walidhani anamtembeza beberu kwa furaha, kama wafanyavyo wanunuzi wakarimu, nao wakamfuata wakicheza, akina mama mbele, kwaya nyuma, ajuza na mashuka yake, dereva wa Zambia akipiga mluzi. Alipofika langoni walikwisha mzunguka. Wakamgeuza taratibu, kwa upendo, na msururu mzima ukalizunguka kanisa la wamisionari kutoka altareni hadi mnarani, ukapita penye sufuria ambako wasio na chakula nao walisimama na sahani zao wakajiunga, ukarudi hadi mezani, na Lenard akampokea kamba kwa machozi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Romanus alikuwa karibu sana kulia.

Hapo Mzee Ambrose aliomba kusema neno. Alipanda juu ya kiti. Alisema wapo watu walioniambia, Ambrose, usimpe binti yako mtu wa Makambako, mji wa malori na nyumba za wageni, watu wa kuja na kupita. Leo waje waone. Kijana huyu ameleta mbuzi, akamtoa, akamnunua, akamrudisha, akamnunua tena, akamrudisha tena, na hakuna aliyemlazimisha. Huyo, alisema kwa sauti ya kutetemeka, ndiye mgeni wangu wa leo, na nafikiri mnajua amekuja kwa nini.

Uwanja ulilipuka. Na Romanus, katikati ya furaha ile, alihisi baridi ya kweli. Kila sifa aliyopewa ilikuwa ya uongo. Mzee amempenda kwa jambo ambalo hakulifanya, na akiukataa uongo huo atampoteza mzee. Akiukubali, baada ya muda mfupi watakwenda Yakobi mikono mitupu, na Shangazi Conjesta, ambaye hakuja kanisani kwa sababu ya magoti, atauliza swali moja tu. Aligeuka akamtafuta Juliana. Juliana hakuwa anashangilia. Alikuwa amesimama wima na daftari lake la nyimbo kifuani, akimngoja. Amemngoja tangu siku ya leso, na Romanus alijua wazi kwamba mwanamke huyu hawezi kuendelea kumsemea mpaka kufa.

"Nani zaidi?" Lenard aliuliza. Beberu alikuwa mezani kwa mara nyingine, na bei ya muuza duka ndiyo iliyokuwa juu.

Mfukoni hamkuwa na kitu. Romanus akavua koti la sufu, akaliweka mezani kando ya kwato za beberu.

Ulipita mjadala mfupi kama koti linakubalika. Lenard alilipapasa, akaligeuza ndani nje, akasema katika kanisa hili zawadi hairudishwi mlangoni, na kwa baridi hii koti ni zaidi ya fedha. Akagonga meza. Mzee Ambrose akainua mikono. Watu wa besi wakavuta pumzi.

"Namchukua," alisema Romanus.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile anayowaambia vibarua wapumzike, lakini uwanja wote uliisikia. Lenard alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Romanus akairudia, maana alikwisha ianza na aliona afadhali amalize.

"Nimemnunua, namchukua. Mnisamehe sana. Hakuwa sadaka tangu mwanzo, aliingia kwa makosa. Ni wa Shangazi."

Basi pakawa kimya, na kimya hicho kilikuwa na sababu ya kitaalamu. Mzee Ambrose alikuwa bado ameinua mikono, kwaya imevuta pumzi, kinanda kimefunguliwa, lakini hakuna aliyejua waimbe nini. Kwaya ile ilikuwa na wimbo wa anayetoa kidogo na wa anayetoa kingi, wa anayetoa kwa siri, wa anayetoa baada ya kufa. Wimbo wa mtu anayechukua haukuwapo. Mzee alibaki na mikono juu mpaka ikaanza kumchoka, akaishusha mmoja mmoja, akatoka kwenye kiti, akaenda zake kuelekea Yakobi bila kungoja mtu.

Romanus alimshusha beberu mezani. Watu walimpisha njia pana kuliko aliyohitaji. Mjomba Benno alimfuata akiwa amevua kofia kama anayesindikiza jeneza, akiwaomba radhi watu wa kushoto na wa kulia. Walipofika langoni walisikia Lenard akikohoa, kisha akianza kulinadi koti. Likanunuliwa. Likarudishwa. Kwaya, ikiwa haina mwalimu, iliimba beti mbili tu.

Nyumbani kwa Mzee Ambrose watu walikwisha keti. Kulikuwa na chai, viazi na kimya. Romanus aliingia na shati jepesi, meno yanagongana, kamba mkononi. Hakuna aliyemwambia karibu, wala aliyemwambia toka. Mjomba Benno alianza hotuba yake ya ushenga aliyoitunga njia nzima kutoka Mlangali, ikiwa na methali za kutosha wiki nzima, na katika methali ya pili Mzee Ambrose akainua mkono.

Alisema hana ugomvi na wageni wake. Lakini yule beberu alitembea mpaka altareni, akarushiwa maji ya baraka mbele ya macho ya watu wote. Ni mali ya Mungu, na ya wale watoto. Yeye hawezi kupokea mali ya Mungu ikawa mahari ya binti yake. Tena amemsifu mtu mbele ya parokia nzima na mtu huyo amemwacha na mikono hewani. Atawatazama vipi Jumapili ijayo? Kijana amrudishe beberu, na mazungumzo ya Juliana yasubiri. Hakusema yasubiri hadi lini, ila kila mtu pale alilikumbuka shamba la parachichi.

Mjomba Benno alifumbua mdomo kusema hewala, ndivyo alivyozoea, na Romanus akamwekea mkono begani.

"Mzee," alisema, "hukukosea kunisifu, ila ulinisifu kwa jambo ambalo si langu. Sikutaka kumrudisha hata mara moja. Niliogopa tu kusema, na kuogopa kwangu kumekuaibisha, naomba unisamehe. Lakini usiseme ni mali ya Mungu. Watoto wamekula bei yake mara mbili kutoka mfukoni kwangu, na mara ya tatu ni koti langu, wanaliuza sasa hivi. Nimemnunua Juliana mara tatu leo, mzee, kwa beberu mmoja. Kama yupo mwanamume Njombe hii aliyetoa mahari mara tatu kwa mke mmoja, mwite, nimpishe."

Maneno hayo yalimtoka bila kutetemeka, pengine kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshika kazi yote ya kutetemeka. Mzee Ambrose alitazama chini. Alitaka kukasirika, ilionekana, na alitafuta pa kuanzia akapakosa.

Shangazi Conjesta aliinuka akiyalalamikia magoti yake, akamwendea beberu. Akamtoa utepe mwekundu. Akampekua masikio, akamfumbua mdomo akatazama ufizi, akamwinua miguu mmoja mmoja akachungulia katikati ya kwato, akafunua mkia. Kisha akajipangusa mikono kwenye khanga.

"Mweusi," alisema.

"Dada, mimi nimesema..." alianza Mzee Ambrose.

Shangazi alimwambia amesikia alichosema, hata majirani wamesikia. Lakini desturi haijamalizika. Kabla ya kupokea wala kukataa, binti huitwa akaulizwa, na tangu lini kaka akaijua desturi kuliko shangazi? Akamwita Juliana, ambaye hakuhitaji kuitwa mara mbili, kwa kuwa alikuwa nyuma ya pazia muda wote, bado amevaa joho la kwaya.

Juliana alitoka akapiga magoti mbele ya baba yake, kama inavyopasa. Shangazi akamuuliza kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anawafahamu. Akamuuliza swali la pili, lile ambalo jibu lake ndilo huwafanya watu wanywe chai au waage: kilicholetwa, wapokee au wasipokee?

Juliana alimtazama Romanus, shati lake limelowa ukungu wa njiani, midomo imegeuka rangi, kamba bado ameishika kwa mikono miwili kama mtu asiyekusudia kuiachia tena kwa yeyote.

"Pokeeni, baba," alisema. "Ila huyu asirudishwe."

Mzee Ambrose alivua koti lake mwenyewe, akampa Romanus, akawaambia watu wale viazi kabla havijapoa.